Mkono Wangu na Makasha ya Mutasim

Jumatano, 2 Aprili

Daktari ameniambia nipunguze chumvi, mke wangu ameniambia nipunguze maneno. Chumvi nimeshindwa, kwa hiyo najaribu la pili. Maneno yanayonizidi nitayaandika humu, Suhaila apate kupumzika.

Mvua imeanza leo alfajiri. Duka la vipuri vya baiskeli wakati wa masika halina maana: unakaa, unapangusa kengele, unaangalia maji yakipita Barabara ya Kumi na Mbili yamebeba ndara ya mtu. Mutasim, kitindamimba wangu, miaka kumi na mitatu, yumo ndani na simu ya zamani ya mama yake. "Afadhali," kasema Suhaila. "Wenziwe wamo mtaroni waogelea na panya." Nami nikasema afadhali.

Jumamosi, 5 Aprili

Kwanza nieleze habari ya mkono. Hapa mtaani nasemwa nina mkono mwepesi, yaani wa bahati. Sifa hiyo sikujipa mwenyewe, nilipewa na Bi Mwatumu, jirani yetu auzaye mbaazi na mahamri. Siku moja nilinunua kabla ya watu wote na sufuria yake ikaisha jua halijapanda. Tangu hapo hafunui kifuniko mpaka nipite. Likikatwa gauni la harusi, naitwa nipitishe mkasi wa kwanza. Ukipandwa mnazi, naitwa niushike mche. Elimu sina, nywele zimenihama, lakini mkono ninao.

Leo Mutasim kaja dukani na simu. "Baba, hebu bonyeza hapa. Mkono wa kulia. Na useme bismillahi."

"Nini hiki?"

"Kasha."

Akanieleza kwa uvumilivu, kama mtu anavyomweleza mgeni wa mji. Wanacheza mchezo wa askari. Askari anahitaji mavazi. Mavazi yamo ndani ya makasha, na kasha unalifungua kwa almasi, na almasi zinanunuliwa kwa simu. Fedha za Idi zote alizopewa na shangazi zake zimekuwa almasi. Ndani ya kasha kuna nini, hujui mpaka ufungue.

Nikasema bismillahi, nikabonyeza. Kasha likatikisika, likatoa mwanga, likatoa joho la zambarau lenye mbawa za moto. Mutasim kapiga ukelele, kanirukia shingoni. Tangu sauti yake ianze kukatika kwa balehe hajanikumbatia. Hata akinipa mkono anautoa haraka kama mtu aliyegusa birika. Leo alinishika mpaka kofia ikaanguka.

Nimekaa mchana kutwa nimejiona mtu.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Nimeuza tyubu moja, kwa mtu asiye na baiskeli. Anatengeneza manati.

Jumatano, 9 Aprili

Watoto sita wamejazana dukani wamelowa kama kuku, kila mmoja na simu ya mama yake aliyoifunga kwenye mfuko wa mkate.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mnataka spoki?"

"Tunataka mkono," kasema Nasri, mjukuu wa Bi Mwatumu.

Nikawabonyezea wote. Wawili wakapata vitu vya maana, mmoja akapata kofia ambayo wenziwe walisema ni ya kimaskini. Mutasim alisimama kando yangu, mkono begani kwangu, akiwapanga foleni. Bi Mwatumu akachungulia toka kibarazani kwake.

"Himyar, umekuwa mganga? Watu wakipanga foleni kwa mwenye kipara, ama anagawa sadaka ama anapunga pepo."

"Nagawa bahati, Bi Mwatumu."

"Yangu uibakishe. Mahamri hayajatoka."

Jumatatu, 14 Aprili

Mkono umeteleza leo. Nasri kabonyezewa, kapata takataka. Kabonyezewa tena, takataka. Watoto wakaniangalia kama wanunuzi wanavyomwangalia ng'ombe asiyetoa maziwa.

"Mjomba, umeshika nini?"

"Nimeshika mnyororo wa baiskeli. Ndiyo kazi yangu."

Wakaenda pembeni wakashauriana. Hukumu ikaletwa na mwanangu mwenyewe, kwa sauti ya karani wa forodha: nisibonyeze nikiwa na grisi. Nisibonyeze baada ya kurudisha chenji, maana kutoa kunafukuza bahati. Ninawe kwanza kwa marashi. Na nisicheke wakati kasha linatikisika.

Suhaila kanikuta uani najimwagia marashi vidoleni. "Waenda kuposa?"

"Naenda kubonyeza."

Kacheka mpaka kashika ukuta. Nami nilicheka. Lakini nilipobonyeza sikucheka, maana imekatazwa, na nilijikuta namwomba Mungu, kwa moyo kabisa, ampe mtoto wa watu suruali ya askari asiyekuwepo.

Ijumaa, 18 Aprili

Baada ya sala nimemshika Ustadh Amour, anayewafundisha watoto Kurani chuoni. Nikamweleza kama kichekesho. Hakucheka.

"Wanatoa kitu, wanapata au wanakosa?"

"Ndiyo."

"Bila kujua?"

"Bila kujua kabisa."

"Basi hiyo kamari, Himyar, hata kama wanachopata ni nguo ya picha."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye mkono."

Nikavaa viatu. Akanifuata mpaka mlangoni. "Jumatatu mwanangu anafungua kiduka chake cha vocha. Uje ununue wa kwanza, tafadhali."

Jumatatu, 21 Aprili

Nimenunua vocha. Mvua.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nitaandika sana, na kalamu ikiisha nitachukua ya binti yangu Wijdan.

Mutasim hakula mchana. Nilidhani homa. Nikaenda chumbani kwake nikamkuta amelala ameelekea ukutani, simu kifuani, macho wazi. Dada yake Wijdan kasimama mlangoni na daftari zake za kidato cha sita, akasema, "Kapoteza joho."

"Limeibwa?"

"Kaliweka kwenye gurudumu."

Kumbe makasha yalikuwa veranda tu, nyumba yenyewe bado sijaingia. Kuna mahali, nje ya mchezo wenyewe, mtoto anaweka vazi lake kwenye gurudumu. Gurudumu linazunguka. Likisimama pazuri, anapewa vazi kubwa zaidi. Likisimama pabaya, lake linakwenda. Watoto wote wa mtaa wanalijua. Wanakutana hapo kila siku baada ya chuo, chini ya bati la Bi Mwatumu. Mimi nilidhani wanakwepa mvua.

Nikakaa kitandani. Nikasema neno ambalo baba yeyote angesema. "Mwanangu, ni picha tu."

Kageuka. "Na picha ya babu iliyoko ukutani sebuleni? Ikiungua utasema ni picha tu?"

Nikasema, "Babu hukumweka kwenye gurudumu."

"Kwa sababu hakuna anayemtaka," kasema, na hapo alikuwa hana ufidhuli wowote. Alikuwa anapima. Nimewaona watu wazima sokoni wakiwa na uso ule, wanaotazama kitu chako huku wanakiondolea bei kimoyomoyo. Sikupata kuuona kwa mtoto aliyelala na foronya ya maua.

Nikaichukua simu. Hakupigana. Kaitoa kama mtu anayelipa kodi.

Alhamisi, 24 Aprili

Nyumba kimya. Ananisalimia asubuhi kama mteja. "Shikamoo baba, umeamkaje, sijambo, asante." Ukimuuliza anajibu. Usipomuuliza hakuna kitu.

Jumamosi, 26 Aprili

Viatu vipya vya Idi vya Mutasim nimeviona leo miguuni mwa kijana wa Barabara ya Kumi na Tano, vimekanyaga matope kwa raha zao. Mutasim kaviuza apate almasi, kaenda chuoni na ndara. Simu yake ninayo mimi, kabatini, lakini simu ya Nasri iko palepale chini ya bati, na gurudumu halijali kidole cha nani.

Suhaila kalia kidogo jikoni, akasema ni kitunguu. Hakukuwa na kitunguu.

Jumatatu, 28 Aprili

Simu imerudi. Shule inatuma kazi kwa simu, na Ustadh Amour huyohuyo anatuma sura za kuhifadhi kwa simu. Suhaila kasema hatuwezi kumlea mtoto asiyesoma wala asiyehifadhi. Nimeitoa kabatini. Jioni Mutasim kaja dukani, kakaa karibu yangu juu ya boksi la pedali, bega kwa bega, akanieleza habari za walimu, nani kaanguka kwenye dimbwi, nani anamwogopa nani. Tukacheka. Muda mrefu sijacheka naye hivyo.

Kisha kasema, "Baba, kasha moja tu."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilinawa mikono.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Mvua imefanya kazi kutwa.

Jumamosi, 3 Mei

Nimepata wazo, na nimelipenda kwa kuwa ni langu. Watoto wanaamini mkono. Mkono ukiwaangusha kila siku, kila mmoja, watachoka. Mtu hafungui mlango unaompiga usoni. Basi nitabonyeza, lakini nitabonyeza ovyo. Marashi nitajipaka ili wasishuku. Bismillahi sitaisema, nitachezesha midomo. Na kimoyomoyo nitaomba wakose.

Nimemwambia Suhaila. "Weye na hao watoto," kasema, "sasa mwaamini kitu kimoja."

Nikamwambia hapana, mimi natumia imani yao. Kasema ndivyo waganga wote wasemavyo.

Jumapili, 4 Mei

Wamekosa wote.

Jumatatu, 5 Mei

Wamekosa. Mtoto mmoja kalia. Nikamnunulia kashata.

Alhamisi, 8 Mei

Wamekosa, wamekosa, wamekosa. Naona aibu kuandika kwamba nafurahi. Naona aibu zaidi kuandika kwamba nimeanza kuuogopa mkono wangu. Leo nilipogusa jani la mchaichai wa Suhaila nilitazama kama litanyauka.

Mutasim anakosa kama wenziwe. Haondoki. Kila akikosa ananitazama, kisha anautazama mkono, kisha ananitazama tena, kwa upole, kama ninavyomtazama mteja aliyenunua gurudumu bovu kwangu na bado hajajua.

Jumatatu, 12 Mei

Hakuna aliyekuja. Nilinawa, nikapaka marashi, nikakaa. Mvua ikapiga bati. Saa za chuo zikapita. Nikatoka nikawakuta chini ya bati la Bi Mwatumu, vichwa pamoja, wanazungusha.

"Leo hamtaki mkono?"

Wakatazamana. Nasri ndiye aliyepewa kazi ya kusema. "Mjomba, usichukie. Mkono wako umekufa."

"Umekufaje?"

"Tumeshauriana. Umekufa."

Nikamtazama Mutasim. Alikuwa anaangalia gurudumu.

Hawakuchoka na kamari. Wamenichoka mimi.

Alhamisi, 15 Mei

Asubuhi nimepita kwa Bi Mwatumu kama kawaida. Sufuria imefunikwa. Akajishughulisha na kuni.

"Nipe mbaazi na mahamri mawili."

"Himyar, ndugu yangu." Akapangusa mikono kwenye kanga, akapangusa tena. "Zunguka kidogo. Akishanunua mtu mwengine, urudi. Sina ubaya nawe."

"Watoto wamekwambia."

"Watoto wasema mengi. Lakini biashara mbaya wiki hii, na wewe wajua ndiwe wa kwanza kila siku."

"Mvua, Bi Mwatumu. Biashara mbaya kwa ajili ya mvua."

"Huenda. Zunguka kidogo."

Nikazunguka. Nilienda mpaka kona, nikasoma tangazo la maji kukatika, nikarudi. Fundi seremala mmoja alikuwa keshanunua. Nikapewa mbaazi zangu, na kwa huruma kaniongezea nazi.

Jumatatu, 19 Mei

Barua ya shule. Mutasim analala darasani. Nimemuuliza, kasema mvua inamlegeza.

Jumamosi, 24 Mei

Mjukuu mkubwa wa Bi Mwatumu, dada yake Nasri, kajifungua mtoto wa kike wiki iliyopita. Suhaila kaniagiza nipeleke samli na mdalasini kwa ajili ya mzazi. Nimefika nikakuta viatu vya watoto mlangoni, ndara za Mutasim mbele. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, wamekuja kumwona mtoto.

Mzazi alikuwa uani anaogeshwa. Chumbani, mtoto kalazwa kitandani kafungwa kanga gubigubi, mkono mmoja nje. Watoto wamepiga magoti wamemzunguka, kimya, kama wako msikitini. Mutasim kashika kile kidole cha shahada cha mtoto, kidogo kuliko njugu, anakigusisha kwenye kioo cha simu.

"Hakisomi," kasema mmoja. "Kikavu."

Nasri akapuliza pumzi kwenye kidole.

Mutasim akajaribu tena, taratibu, huku anamwambia yule mtoto, "Bismillahi, mdogo wangu. Bismillahi." Na sauti yake ilikuwa nzuri. Ndiyo sauti aliyokuwa nayo kabla haijakatika.

Nilikuwa mlangoni na samli. Nilipaswa kupiga kelele. Nilichosema ni, "Mutasim."

Hakugeuka. "Polepole, baba. Usiingie kwanza. Utaharibu."

Na mimi sikuingia. Nilisimama kizingitini mpaka kasha likafunguka. Sijui wamepata nini. Niliona tu nyuso zao zikiwaka kwa mwanga wa simu, na yule mtoto akianza kulia. Kisha Bi Mwatumu akatokea uani na mwiko, akawatoa wote kwa matusi ya Kidigo ambayo watoto hawayajui na mimi nayajua. Kanigeukia.

"Na weye ulikuwa wasimama hapo wafanya nini?"

Nikampa samli.

Jumatatu, 2 Juni

Mvua imekuwa manyunyu. Nimeuza baiskeli nzima. Zamani ningemwambia Mutasim, naye angekuja kuitazama ikitoka.

Jumamosi, 7 Juni

Idi kubwa. Tumesali, tumechinja na majirani. Mutasim kavaa kanzu, kasalimia wazee wote, kapokea fedha za Idi kwa mikono miwili, mtoto wa adabu. Kesho nawapeleka Ushongo, pwani ya ng'ambo ya Pangani, kwa Safari, niliyesoma naye zamani. Nimechagua Ushongo kwa sababu moja, na sikumwambia mtu: kwa Safari simu haishiki mtandao.

Jumapili, 8 Juni

Tumevuka Pangani kwa pantoni, Safari katupokea na gari lake bovu. Jua limetoka kama halijawahi kukosekana. Safari kachoma samaki aina ya changu, Wijdan na mama yake wakaingia kivulini na wenyeji, wakaanza kusema watu. Mutasim akatazama simu, akaiweka mfukoni. Akala. Samaki mzima. Nikasema moyoni, hivyo tu? Ilikuwa rahisi hivi?

Baada ya kula sikumwona. Nikauliza watoto wa pale. Mmoja akanionyesha baharini kwa kidole. "Kaulizia mtandao. Unashika pale ukiingia mpaka kifuani."

Nikamwona. Yuko mbali kidogo, maji kifuani, kanzu ya Idi imeelea kumzunguka, mikono yote miwili juu ya kichwa, na simu juu ya mikono. Uso ameuinua. Ukimwona kwa mbali ungedhani anaomba mvua.

Niliingia na nguo zangu. Maji yalikuwa yanajaa. Kila hatua yalinipanda. Nilipofika karibu yalikuwa yamemfika kwapani.

"Mutasim."

"Baba, usiniguse."

"Maji yanajaa."

"Najua. Usiniguse tu. Linazunguka."

Nikaweka mikono nyuma, nikaushika mmoja kwa mwingine. Mawimbi madogo yakawa yananisukuma kumwelekea, nami nikawa najisukuma kurudi, nisije nikamgusa.

"Umeweka nini?"

"Vyote."

Nilijua la kusema. Baba yeyote analijua. Lakini nilimtazama koo likipanda na kushuka, nikasikia mdomo wangu unauliza, "Limesimama?"

"Bado."

Maji yakamfika shingoni. Akasimama kwa vidole vya miguu.

Kisha akapiga ukelele. Akaruka, akarusha maji, akacheka kwa sauti zake zote mbili, ya mtoto na ile inayokuja. "Baba, umeona! Umeona, baba!" Akanijia mikono wazi, uso umejaa machozi na chumvi, amefurahi kama siku ile ya kwanza dukani.

Akafika hatua moja kutoka kwangu. Hapo akakumbuka. Akaitazama mikono yangu, akashusha yake, akapita mbali kwa upande akaelekea pwani, simu juu.

Jumatano, 11 Juni

Masika yamekwisha. Duka limejaa, wote wanataka breki.

Suhaila kaja na chai mwenyewe, jambo asilofanya tangu tulipooana, kakaa juu ya boksi la pedali. Anang'aa. "Mwanao kaniambia Jumapili ataka umpeleke tena Ushongo. Weye na yeye tu. Kasema kule kuzuri." Akanitia kikombe mkononi. "Nalikwambia. Mtoto alikuwa ataka matembezi na baba yake, basi."

Nikanywa chai. Nikamwambia ndiyo, huenda ni hilo; habari ya pale baharini penye mtandao sikuitaja.

Mchana nimempigia Safari, kumuuliza Jumapili maji yanajaa saa ngapi.